Alifungwa au alifungiwa miezi minne?

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Barzani kwetu Wete tulikuwa tukizungumza habari za Luis Suárez na Kombe la Dunia la 2014. Mwenzetu mmoja akasoma kwenye simu: "Suárez alifungwa miezi minne na bado Barcelona wakamsajili." Kijana akauliza, walimsajili akiwa jela? Ipi sahihi, alifungwa au alifungiwa? Na wakiandika mchezaji "anadaiwa kutaka kuondoka", anadaiwa na nani?

Jibu: Waalaykum salaam. Sahihi ni alifungiwa. Kijana wenu kafahamu vizuri kilichoandikwa. Aliyekosea ni mwandishi.

Mtu akifungwa miezi, sote tunafahamu ni jela. Tony Adams, nahodha wa Arsenal, Disemba 1990 alihukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Huyo alifungwa miezi minne. Suárez alimng'ata Giorgio Chiellini wa Italia, na siku mbili baadaye FIFA ikamfungia asishiriki shughuli yoyote ya mpira kwa miezi minne. Muda ni ule ule, lakini mmoja alilala gerezani, mwengine kwake.

Kinachotenganisha ni ile i ya kauli ya kutendea. Kwenye kufungwa, anayefungwa ni mtu mwenyewe. Kwenye kufungiwa, kinachofungwa ni kitu chengine, naye ndiye anayezuiliwa nacho. Anayerudi usiku wa manane akakuta komeo limeshatiwa atasema "nimefungiwa mlango", wala hutomsikia akisema "nimefungwa mlango".

Kwenye idadi ya mechi, kuiacha i kunaharibu zaidi. FIFA ilimfungia pia mechi tisa za timu yake ya taifa, Uruguay. Andika "alifungwa mechi tisa", na msomaji wa Chake Chake atajua Uruguay wamepigwa mara tisa.

Msichanganye na mabao. Suárez aliifungia Liverpool mabao 31 ya ligi msimu wa 2013/14. Kitenzi ni kile kile na i ni ile ile, ila hapo Liverpool wamefanyiwa jambo la faida yao. Kauli ya kutendea hubeba heri na shari pia, na linaloamua ni neno linalofuata: mabao, au miezi.

Usajili wenyewe haukuwa na tatizo. Barcelona walimchukua Julai na adhabu akahama nayo. Agosti, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamruhusu mazoezi na mechi za kirafiki, lakini mechi za mashindano akazingoja hadi Oktoba. Kwa hiyo Agosti alilegezewa adhabu. Kuandika kuwa aliondolewa adhabu ni kosa. Na aliyekosa mechi moja kwa kadi nyekundu, semeni anatumikia kadi, kama wanavyosema watu uwanjani Gombani. Kufungiwa tuwaachie wenye uamuzi wa kamati.

Sasa anadaiwa. "Anadaiwa milioni tano" ni deni. "Anadaiwa kumpiga mwamuzi" ni tuhuma. Kikifuata kitenzi chenye ku-, hakuna pesa hapo. Kisarufi basi sentensi mliyoisoma ni sahihi, lakini mimi siipendi hata kidogo. Kutaka kuhama si kosa hata mtu atuhumiwe, na dai lina mdai wake, ambaye mwandishi anapaswa kumtaja.

Tazameni suala la Feisal Salum, kijana wetu wa Zanzibar. Disemba 2022 alipotaka kuondoka Yanga, yeye alidai kuwa ameshauvunja mkataba, Yanga wakadai bado ni mchezaji wao, na kamati ya TFF ikawapa haki Yanga. Kila dai lilikuwa na mwenyewe, na kitenzi kudai kilikuwa mahala pake. Habari za kwamba angekwenda Azam zilikuwa jambo jengine. Hizo zilikuwa tetesi za usajili, na uandishi wake ni "Feisal anahusishwa na Azam" au "inasemekana Feisal atakwenda Azam", hadi pale Azam walipomtangaza Juni 2023. Kuanzia hapo ndipo ilipofaa kuandikwa "amesajiliwa".