Ukiwatembeza watoto mtaa wa maduka ya zamani Lindi, fuata bidhaa

Mtoto wa miaka minane hana haja ya kujua jengo limejengwa mwaka gani. Anachotaka kujua ni lilikuwa likiuza nini, nani alikuwa akiishi ghorofani, na kama pipi zilikuwepo. Mimi nimekulia Lindi, wanangu wanakulia hapa hapa, na kila likizo wanakuja binamu zao kutoka Dar ambao kwao Lindi ni bahari basi. Kazi ya kuwatembeza mtaa wa maduka ya zamani imebaki kuwa yangu, na msimamo wangu ni mmoja: fuata bidhaa. Kitu kimetoka wapi, kimekuja kwa chombo gani, kilipimwaje, nani alikinunua, na mbona siku hizi hakionekani. Hayo majengo mtayaelewa mkiwa njiani.

Usitake kumaliza mji. Lindi mjini si kubwa, lakini jua letu mnalijua. Chagua kipande kimoja cha maduka ya zamani, yale yenye duka chini na makazi juu, baraza mbele, chokaa imebanduka. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, au subirini alasiri ipite. Ijumaa mchana msijisumbue, wengi wanafunga kwa ajili ya swala.

Kabla hamjatoka nyumbani waambie watoto mambo mawili. Kwanza, shikamoo hutangulia swali. Mtoto akimwendea babu aliyekaa barazani na kumuuliza "hili duka ni la nani?" bila salamu, atajibiwa kwa mkato, na ana haki. Pili, duka ni riziki ya mtu, si makumbusho. Mnunue kitu, hata kiberiti au sindano, ndipo muulize. Na simu zibaki mfukoni mpaka mwenye duka aseme ndiyo. Nimeona wageni wakipiga picha mlango wa mtu kama vile mwenyewe ameshakufa.

Mimi huwaanzishia kwa fundi cherehani. Karibu kila baraza la zamani lina fundi, na karibu kila fundi mzee anajua vipimo ambavyo shuleni havifundishwi. Shubiri mbili ni mkono mmoja, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni pima, mtu akinyoosha mikono yote miwili kulia na kushoto. Wape watoto kipande cha kamba, kila mmoja apime pima yake, kisha waulizane: kama wewe ni mteja, ungetaka nguo ipimwe kwa mkono wa nani? Na kama ni muuzaji? Hapo zogo lake si dogo. Binamu mrefu ghafla anakuwa mtu muhimu, na mdogo kuliko wote anagundua kwamba angefaa sana kuwa muuza nguo. Sijawahi kupata somo la uchumi lililo jepesi kuliko hilo.

Kutoka kwenye nguo, nendeni kwenye nafaka. Vibaba vinne hufanya pishi, na mizigo mikubwa kama pembe za ndovu ilihesabiwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Mwambie mtoto ajaribu kunyanyua mfuko wa unga wa kilo kumi, halafu afikirie mzigo wa zaidi ya frasila moja kichwani, kwa miguu, kutoka upande wa Ziwa Nyasa mpaka hapa pwani.

Ndipo mzungumzie kilichoingia na kilichotoka. Korosho wanazijua, kila mtoto wa kusini anajua msimu ukifika maduka yanachangamka, pikipiki mpya zinazaliwa. Anza nazo, kisha rudi nyuma. Kabla ya korosho kutamba, mtu wa bara alileta pwani pembe, nta, mpira wa mwituni na sandarusi, akarudi na nguo, shanga na chumvi. Sandarusi huwashangaza watoto: ni utomvu wa mti uliokaa ardhini miaka mingi mpaka ukawa mgumu, watu wakauchimba, ukasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi ya samani. Huko Marekani nako ndiko ilikotoka merekani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyojaa pwani hii karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba viwandani kwao, pwani yetu nayo ilikosa nguo hiyo. Watu walipigana upande wa pili wa dunia, na mteja wa Afrika Mashariki akaambiwa "haipo". Binamu zao wa Dar, ambao bei ya mafuta ya kula huwa inapanda kwao kwa sababu ya vita vya mbali, walielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Watoto wakubwa kidogo wasimulie Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na nguvu kwenye njia za misafara zinazoshuka kuja Lindi na Mikindani. Mwaka 1890 alimwandikia Wissmann, mkubwa wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili. Alimweleza kwamba kama ni urafiki au biashara yuko tayari, lakini kuwa raia chini yake hapana. Alishikilia hivyo mpaka 1899, alipozidiwa na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Napenda kisa hiki kisimuliwe mbele ya duka hasa, kwa sababu kinaonyesha kwamba mtu anaweza kutaka nguo yako bila kukutaka wewe uwe bwana wake.

Sasa lile gumu. Njia hizo hizo za pembe na sandarusi zilipitisha watu. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Kuna wazazi hulipita jambo hili kimya kimya, eti watoto wataogopa. Mimi silipiti. Mtoto akisikia pembe zilibebwa kwa kichwa kutoka Nyasa, lazima atauliza waliobeba walilipwa shilingi ngapi, na ukimdanganya hapo umeharibu matembezi yote.

Ninachofanya ni kumtafutia mtoto mwenzake. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Miaka mitano baadaye, Machi 1866, alikuwa miongoni mwa watu walioshuka Mikindani pamoja na David Livingstone, yule mpelelezi Mwingereza, wakaelekea bara. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, mwenzake Susi na wengine ndio waliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mwaka huo huo Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, na mimi huwaambia watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe: babu wa bibi yao alikuwa na umri gani? Wakimaliza kuhesabu, wape nafasi ya kunyamaza au kuuliza. Usikimbilie kununua barafu.

Baada ya hapo watoto wanastahili dinosaria, na Lindi tunao. Bahati mbaya wako Berlin. Tendaguru iko kaskazini magharibi ya mji wetu, na kuanzia 1909 hadi 1913 wanasayansi wa Kijerumani walichimba huko mifupa ya wanyama wa kale, wakitumia mamia ya vibarua wa huku kwetu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina hilo nataka watoto walikariri, kwa sababu majina ya Wajerumani watayakuta vitabuni bila msaada wangu. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa kwa miguu mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13.

Hapa ile kamba ya pima inarudi kazini. Mita 13 ni kama pima saba za mtu mzima. Zilazeni kwenye baraza, moja baada ya nyingine, halafu waambie watoto wazisimamishe kwa macho. Ghorofa moja ya duka la zamani haifui dafu. Kisha uliza swali langu ninalolipenda: wewe ni mpagazi, umefika Lindi shingo inauma, umelipwa rupia zako, unaingia duka gani na unanunua nini? Mmoja alisema kanga ya mama, mwingine soda. Nikamwambia soda bado. Mada ya kama mifupa ile irudishwe nyumbani itazuka yenyewe, hamna haja ya kuichokoza. Wanangu wamegawanyika, na mimi nimeacha kuwapatanisha.

Majengo, kama nilivyosema, mtayaona mkiwa mnazungumza. Mimi huwaonyesha vitu viwili tu. Wakiruhusiwa kuingia, watazame darini: boriti za mikoko. Nguzo ya mkoko ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya zamani vya mawe ni vyembamba hata mwenye nyumba angekuwa tajiri namna gani. Wavipime kwa hatua. Na milango: ile ya kuchongwa, yenye mfaa, ule ubao wa katikati, ilikuwa ya kuonyesha heshima ya nyumba. Ile ya vipande vinavyokunjwa ilikuwa ya kazi, ifunguliwe duka zima lionekane.

Sehemu ninayoiona tamu kuliko zote haina uzee wa kutisha hata kidogo. Ni miaka ambayo rafu zilikuwa tupu. Mchukueni bibi, wa kwenu au wa jirani, mkae naye barazani mbele ya duka, mumwulize alikuwa ananunua wapi sabuni alipokuwa msichana. Atawaambia habari za RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa ya serikali, duka la ushirika, foleni ya alfajiri, unga wa njano uliobatizwa unga wa Yanga. Wewe jazia kinachopungua. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi za Kihindi zilizokuwa na maduka mijini zikaondoka nchini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka binafsi yakafungwa vijijini ili ya ushirika yashike nafasi. Bidhaa zikaadimika, ikaja vita ya Kagera, na 1983 msako wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata milango ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikaanza kulegezwa, mitumba ikamwagika.

Usilifanye somo la siasa. Mwache bibi aseme. Bibi yetu mmoja aliwaambia watoto kwamba siku sukari ilipokuja, ulijua kwa mwendo wa watu, si kwa tangazo. Watoto wakamhoji: bibi, mwendo gani? Akasimama, na goti lake bovu, akawaonyesha.

Watakuuliza mbona mtaa umepoa hivi. Jibu fupi ni bandari. Bandari ya Lindi ni ya kina kifupi. Waingereza walipoleta ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, walitaka bandari yenye maji marefu, wakaijenga Mtwara, na ilipofunguliwa 1954 biashara ikahamia huko. Karanga zilishindwa, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, bandari ikabaki. Ongezeni na barabara: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ilikuwa unaweza kulala njiani ukiwa na magunia yako. Wale wa Dar waliokuja kwa basi la siku moja watakodoa macho.

Wadogo chini ya miaka sita wasilazimishwe haya yote. Wape kazi ya kuhesabu paka, au milango ya rangi ya bluu, na katikati ya safari wanunulieni ming'oko ya kuchemsha wakae chini watafune. Kijana wa miaka 15 anayekuja huku amenuna mpe simu, arekodi sauti za wazee kwa ruhusa yao. Akishakuwa na kazi inayoonekana ya kikubwa hanuni tena, na nyumbani mtabaki na sauti ambazo miaka kumi ijayo hamtazipata kwa hela.

Mkiipenda, safari inayofuata ni Mikindani. Basi la Mtwara linapita katikati yake, mnashuka tu. Vichochoro vyake ni vya zamani zaidi, kuna Boma la Mjerumani la 1895 juu kidogo, na ghuba iko mbele yenu wakati wote. Bebeni maji, kofia, na ile kamba ya pima.