Barua kwa mwanangu: Mlilie Mungu mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeurudia leo baada ya misa. Unasema watu wanakuambia mateso humsogeza mtu kwa Mungu, lakini wewe tangu umzike mtoto unamwona Mungu amekupa kisogo. Unataka kujua mimi ilikuwaje baba yako alipougua.

Nianze na hao watu. Waliokuambia msibani kwamba Mungu amekujaribu kwa kuwa anakupenda, wasikuumize kichwa. Marafiki wa Ayubu nao walijua kueleza, sura baada ya sura. Mwishoni Mungu akawakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Na Ayubu alikuwa ameilaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu! Wenzake walieleza habari za Mungu kama watu wanaojua kila kitu. Yeye alimlilia Mungu mwenyewe.

Mateso peke yake hayakunileta popote. Uchungu ni uchungu tu, na wapo walioacha kanisa kwa sababu yake, wala siwalaumu. Kwangu mimi ilikuwa usiku mmoja pale wodini Ndanda. Baba yako anatafuta pumzi, rozari ninayo mkononi, sala haitoki. Nikamwambia Mungu kwa Kimakua maneno ambayo nisingethubutu kuyasema mbele ya padri. Nikamwambia amechelewa. Hakunijibu kitu, mama. Ila nilipomaliza nilijua kwamba nimesikilizwa, na tangu hapo sijawahi kumwona Mungu kama mtu wa mbali.

Isome Zaburi ya 88. Inaanza na kilio na kuishia gizani, shukrani hakuna. Na bado Kanisa limeiweka katika sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa. Hata Bwana wetu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akiuliza mbona ameachwa. Aliyelia hivyo hawezi kukushangaa wewe.

Halafu wakaja watu. Ulikuwa msimu, korosho zinaanguka na mimi siwezi kutoka hospitali. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa waliingia shambani kwetu alfajiri, wakaokota, wakazitenga na mabibo, wakaanika, wakapeleka chama cha msingi cha ushirika kwa jina la baba yako. Stakabadhi waliniletea imefungwa kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyenihubiria. Mmoja wao alikaa chini, akaishika miguu ya baba yako ilivyokuwa imevimba, akaipaka mafuta taratibu, kidole kwa kidole, bila kukunja uso. Padri akisoma kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, mimi naiona mikono ile.

Imani ya huku kwetu haikuletwa na raha. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa katika Maji Maji mwaka 1905, na baada ya vita watu wengi wa kusini wakafa kwa njaa. Sidhani kama waliobaki walisali kwa maneno laini.

Baba yako alifariki, na kwa nini, mpaka leo sijui. Sikuhitaji kujua ndipo nibaki na Mungu.

Kwa hiyo usijilazimishe kushukuru. Usiku ukiwa peke yako mtajie Mungu jina la mtoto wako, muulize lolote, hata kwa hasira. Mume wako naye usimwache nje. Wanaume wetu hulia kwa kunyamaza. Na jumuiya ya mtaani kwenu usiikimbie. Nenda ukae tu, wao wasali.

Jumamosi jumuiya inasali hapa kwangu, nitamtaja mtoto kwa jina lake. Malipo ya mnada wa korosho yakitoka nakata tiketi, nije nikae nawe huko Dar hata mwezi.

Mama yako