Ukienda kupima barafu ya bahari, linda ubaridi wake kwanza

Wadogo zangu mnaosoma kemia na sayansi za bahari, wengi mnaoniandikia mnauliza habari moja: mtu akipata nafasi ya kwenda Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na Ncha ya Kaskazini, au Greenland, ajiandae na nini? Mnauliza mavazi, posho, vifaa vya maabara. Hayo wenyeji wako watakuelekeza ukifika. Mimi nataka tuzungumze jambo ambalo mtu aliyesomea Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hana sababu ya kulifikiria mpaka akutane nalo: huko kaskazini, baridi yenyewe ni sehemu ya sampuli. Ikikuponyoka, ulichobeba ni kitu kingine, hata kama chupa imefungwa barabara na lebo imeandikwa vizuri.

Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 hivi kwa kilo, huanza kuganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Barafu inapojijenga haipokei chumvi ndani ya fuwele zake. Sehemu ya chumvi huzama baharini, na sehemu hunaswa katikati ya fuwele, ndani ya vijishimo na vijia vyembamba vya maji makali ya chumvi. Baridi ikizidi, vijia vinabana na maji yaliyomo yanazidi ukali. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hukaribia gramu 140 za chumvi kwa kilo, yaani mara nne ya bahari ya kawaida.

Waliokulia karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni au Bagamoyo watanielewa upesi. Kule jua hukausha maji na madini hushuka kwa zamu: kwanza kabonati ya kalsiamu, kisha jasi, ndipo chumvi tunayokula. Kwenye barafu kazi hiyo ya kupunguza maji hufanywa na baridi, na zamu nayo ipo. Hutangulia ikaiti, ambayo ni kabonati ya kalsiamu iliyoshikana na molekuli sita za maji. Kati ya nyuzi 6 na 8 chini ya sifuri hufuata mirabiliti, chumvi ya sodiamu na salfeti. Chumvi ya mezani husubiri hadi nyuzi 23 hivi chini ya sifuri, nayo hushuka kwa umbo la hidrohaliti, yaani chumvi iliyoshikana na maji.

Ikaiti ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote. Imepewa jina la ghuba ya Ikka, kusini-magharibi mwa Greenland, ambako inajenga nguzo chini ya maji. Hans Pauly wa Denmark aliieleza mwaka 1963. Mwaka 2008 Gerhard Dieckmann na wenzake waliripoti kuiona ndani ya barafu ya bahari ya Antaktika, na tangu hapo wanakemia wa barafu hawawezi kuipuuza. Sababu ni kaboni. Ikaiti inapoundwa, hewa ya ukaa hutolewa kwenye maji makali ya chumvi. Maji hayo yakizama na fuwele zikabaki juu, basi kiangazi barafu ikiyeyuka fuwele nazo huyeyuka na bahari ya juu hupata uwezo wa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani. Anayetaka kujua barafu inafanya nini katika hesabu ya kaboni ya dunia lazima azikute fuwele hizo zikiwa hai. Nazo hazivumilii joto: ukiiacha sampuli kwenye meza ya maabara yenye joto la kawaida, zinageuka kalisaiti, yaani kabonati ya kalsiamu isiyo na maji ndani yake, na maji, au zinayeyuka kabisa.

Kwa hiyo kazi hupangwa hivi. Kabla keekee ya kutoboa barafu haijazunguka, msumeno, mifuko, rula na kipimajoto viwe vimeshapangwa, na kila mtu ajue zamu yake. Nguzo ya barafu ikitoka shimoni, pima halijoto mara moja, kwa vitundu vidogo kila sentimita 10, kwa sababu baada ya dakika chache unapima hewa badala ya barafu. Itazame sehemu ya chini, ile iliyokuwa ikigusa bahari: mara nyingi ina rangi ya kahawia ya mwani mdogo sana wa seli moja moja, ni laini, na matone yanaanza kuchuruzika hapo hapo. Matone hayo ndiyo kemia yako inayokukimbia. Kata, tia mfukoni, funga. Vipande vya kupimia kaboni viingie kwenye mifuko isiyopitisha gesi, hewa itolewe, viyeyushwe polepole gizani bila kupita nyuzi 4. Kama unahesabu mwani, ongeza maji ya bahari yaliyochujwa kabla ya kuyeyusha, la sivyo seli zilizozoea chumvi kali zitapasuka kwenye maji matamu ya barafu.

Wengi hudhani friza itawaokoa. Haitoshi. Barafu iliyokuwa nyuzi 3 chini ya sifuri baharini ukiitia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, unazalisha fuwele ambazo hazikuwepo na unabana vijia upya. Ushauri wangu, na nausisitiza hata kwa viongozi wa safari wanaotaka tukusanye sampuli nyingi kwa siku moja: chukua chache unazoweza kushughulikia kabla hujalala.

Mashapo, yaani tope lililotulia chini ya bahari, yana adui wa pili baada ya joto: oksijeni. Ukivuta bomba la tope kutoka ghuba ya Svalbard utaona juu utando mwembamba wa kahawia, chini yake kijivu, kisha mistari myeusi ya salfaidi ya chuma. Bakteria wanaokula mabaki ya viumbe hutumia kwanza oksijeni, ambayo mara nyingi huishia milimita chache tu chini ya uso wa tope. Halafu naitreti, manganizi, chuma, salfeti, na mwisho kabisa inazalishwa methani. Baridi haiwazuii. Christian Knoblauch na Bo Barker Jørgensen walionyesha mwaka 1999 kwamba kwenye mashapo ya huko kuna bakteria wapunguza salfeti, yaani wanaoitumia salfeti badala ya oksijeni na kuigeuza salfaidi, waliozoea kuishi karibu na nyuzi sifuri. Toa maji ya tope hilo kwa bomba la sindano na kichujio, yatatoka maangavu. Yaache wazi kidogo, yanaanza kugeuka rangi ya kutu: chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa, na kipimo chako kimekwenda. Fanya kazi ndani ya mfuko wa naitrojeni, yaani uliojazwa gesi hiyo ili oksijeni isiingie, kwenye chumba chenye baridi ile ile ya bahari, weka tindikali kwenye chupa ya chuma na asetati ya zinki kwenye chupa ya salfaidi.

Jambo la karatasi, maana linakwamisha wenzetu: Svalbard haidai viza, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ndege unaipandia Norwei bara. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, ama utashindwa kurudi kwa njia uliyokuja nayo. Beba penseli, kwani wino huganda, na betri zikae ndani ya koti, karibu na mwili.

Na usingoje safari ndipo uanze kujifunza. Tope la mikoko la Rufiji, Chwaka au Lamu lina mpangilio ule ule: kahawia juu, jeusi chini, na harufu ya yai viza inayotoka kwenye salfeti iliyopunguzwa. Omba ruhusa, chukua bomba moja, gawa maji yake chupa mbili. Moja ishughulikiwe ndani ya mfuko wa naitrojeni, nyingine iachwe wazi mezani kwa nusu saa. Pima chuma katika zote mbili, kisha rudia mpaka mikono yako iweze kumaliza ile ya kwanza bila kusimama kufikiri. Ukituma maombi ya nafasi kaskazini, ambatanisha namba hizo.