Kwa mnaoanza kupima uwezo wa wazee wa kunusa

Mkijiunga na utafiti wa aina hii, unaotafuta uhusiano wa kunusa na Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu), mtafundishwa jeni na picha za ubongo za MRI kwanza. Sawa, ila data nyingi huharibika mapema zaidi, pale mzee anapopewa harufu ya kwanza.

Tuchukue kipimo cha kunusa kiitwacho UPSIT, kilichotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania miaka ya 1980. Kina harufu 40, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Karafuu imo, lakini pia limo ua la lilac na soda ya Kimarekani ya root beer. Bibi wa Pemba aliyechuma karafuu maisha yake yote ataikosa soda hiyo, kisha kompyuta imhesabu amepoteza uwezo wa kunusa. Kwa hiyo kabla ya utafiti, wapitishieni wazee wa hapo orodha nzima. Harufu wasiyoijua iondolewe.

Halafu tenganisheni mambo mawili. Kuhisi kwamba kuna harufu hutegemea zaidi pua na neva zake. Kuitaja harufu kunadai kumbukumbu na lugha pia, na hapo ndipo tafiti kadhaa zimeona wenye aina ya e4 ya jeni ya APOE (aina inayohusishwa na hatari ya Alzheimer), iliyo kwenye kromosomu ya 19, wakifanya vibaya zaidi. Haishangazi: taarifa za harufu hufika moja kwa moja eneo la ubongo lililo jirani na hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), ambalo ni miongoni mwa yanayoharibika mapema katika ugonjwa wa Alzheimer. Lakini msikimbilie kuilaumu e4. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano wake na Alzheimer ulionekana dhaifu kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis.

Ukishamaliza shikamoo na habari za nyumbani, uliza mafua, ajali ya kichwa, UVIKO, sigara na ugoro. (Ugoro wengi hawautaji mpaka uulizwe kwa jina.) Nawe siku hiyo usijipulizie manukato.

Alama zikiwa chini, usimtajie mzee Alzheimer. Kipimo cha pua peke yake hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, mwelekeze kwa daktari. Muulize kama anapikia gesi. Wengi hawajui kwamba pua imepungua nguvu, kwa hiyo waombe wa nyumbani wakague mpira wa mtungi na wawe wanaonja mboga iliyolala kabla hajala.