Jibu: Friji ya duka inanguruma kutwa, vinywaji havipoi

Habari mkuu. Umesema friji yako ya mlango wa kioo inanguruma bila kupumzika; asubuhi vinywaji ni baridi, ikifika saa nane mchana ni vuguvugu. Usikimbilie kujaza gesi. Ikiwa imepungua, kwa kawaida hata usiku ungeona shida. Hiyo yako inazidiwa na joto la mchana.

Anza na kondensa, ule wavu wa mabomba ulio chini au nyuma. Chomoa plagi, fungua kifuniko, usugue kwa brashi laini kufuata mistari ya vile vibati vyembamba vilivyoshikana na mabomba. Ukisugua kwa kukatiza vinapinda na hewa haipiti. Kama kuna jiko karibu, vumbi litakuwa limegandana na mafuta kama sufi, na hapo ndipo penye ugonjwa mara nyingi. Friji yenyewe iache sentimita 10 hivi kutoka ukutani.

Halafu bana karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka kiulaini, osha mpira wa mlango kwa sabuni kabla ya kununua mwingine. Mara nyingi ni uchafu tu.

Na upangaji! Kreti nzima yenye joto ikiingia saa sita, friji yoyote itachoka. Jaza wakati wa kufunga duka, usizibe feni ya ndani.

Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati. Baada ya saa 24 kikizidi nyuzi 5, mwite fundi akague feni ya kondensa. Akitaja gesi, atafute kwanza inapovujia, maana gesi haiishi yenyewe.