Presha haishuki hata kwa dawa? Chunguza usiku wako

Mgonjwa anameza dawa tatu za presha, haziruki hata siku moja, chumvi amepunguza, na bado mashine inasoma 160 kwa 100. Mara nyingi kinachofuata ni kuongezewa dawa ya nne. Kabla ya kufika huko kuna swali linaloulizwa mara chache mno: unalalaje? Na aulizwe pia yule anayelala naye chumba kimoja, maana mwenye tatizo mara nyingi hana habari nalo.

Kwa mtu mwenye afya, presha akiwa usingizini hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko ya mchana. Mwenye 120 mchana anaweza kuteremka hadi 105 au chini kidogo. Moyo hupunguza mwendo na mishipa hulegea. Anayelala vibaya huikosa nafuu hiyo, na presha yake hubaki juu usiku na mchana. Watu wa namna hii ndio wanaopata zaidi kiharusi, moyo kutanuka na figo kuharibika, hata kama kipimo cha kliniki cha saa nne asubuhi hakitishi.

Kukoroma kunakokatika

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Cha kusikiliza ni mkato. Mtu anakoroma kwa nguvu, kisha ghafla kimya. Kifua kinaendelea kuhangaika lakini hewa haipiti. Halafu anashtuka kwa mguno, anavuta pumzi ndefu, na kukoroma kunaanza upya. Kimya hicho kikifika sekunde 10 au zaidi, hesabu. Kikijirudia angalau mara 5 kwa saa, pamoja na uchovu wa mchana au presha, daktari ataita apnia ya usingizi. Kuanzia mara 30 kwa saa ni kali.

Misuli ya koo hulegea kila mtu anapolala. Mwenye shingo nene, taya dogo au matonsili makubwa, koo lake hufunga, na kadiri anavyovuta hewa kwa nguvu ndivyo linavyozidi kubana, kama mrija laini wa juisi unaonyonywa kwa pupa. Oksijeni inapungua kwenye damu, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana na presha inapaa. Anazinduka kwa sekunde chache bila kujua, koo linafunguka, analala tena, na mchezo unarudiwa mpaka asubuhi. Hali hii ikidumu kwa miaka, mishipa inabaki imebana hata mchana na figo zinashikilia chumvi na maji. Ndiyo maana tatizo hili limewajaa watu wenye presha sugu, yaani ile isiyoshuka kwa dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ikiwa ya kukojoza.

Kuna maswali manane yanayotumika hospitali nyingi duniani, na unaweza kuyajibu nyumbani. Je, unakoroma hadi unasikika mlango ukiwa umefungwa? Unasinzia mchana? Kuna mtu aliyewahi kuona pumzi yako ikikatika? Una presha au unatumia dawa zake? Uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu huohuo, unazidi 35? Umri umepita miaka 50? Mzunguko wa shingo unazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Shingo ipime kwa tepe ya fundi cherehani, ikipita kwenye kikoromeo. Ndiyo tatu au nne zinatosha kumwona daktari. Tano na kuendelea, usichelewe.

Wanawake msijitoe kwa sababu swali la mwisho ni la wanaume. Wengi wenu hamkoromi kwa kishindo. Mnaamka na kichwa kinachouma, mnachoka siku nzima, na mnaambiwa ni mawazo. Baada ya hedhi kukoma hatari inaongezeka.

Ushahidi bora wa kumpelekea daktari ni video ya simu. Apnia huwa mbaya zaidi mtu anapolala chali na usiku unapoelekea alfajiri, kwa hiyo mwenzako akurekodi kati ya saa tisa na saa kumi na moja, dakika 10, kifua na uso vikionekana. Kipimo kamili cha usingizi bado hakipatikani kila mahali, na video kama hiyo humsaidia daktari kuamua nani apelekwe.

Tiba yenye nguvu zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Kwa wastani hushusha presha kwa milimita 2 hadi 3 tu, zaidi kidogo kwa wenye presha sugu, na inahitaji kuvaliwa saa 4 au zaidi kila usiku. Haichukui nafasi ya vidonge, na kwa wengi bei yake ni kubwa. Usikae ukiisubiri. Lala ubavu; ukijikuta umerudi chali, shonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ya kulalia. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 10 hadi 15, badala ya kurundika mito inayokunja shingo. Mwenye unene akipunguza hata asilimia 10 ya uzito, mikato hupungua wazi. Pombe jioni na diazepamu, dawa ya kutuliza, huzidisha kulegea kwa koo. Anayekoroma hivi asimeze vidonge vya usingizi vya kununua dukani, kwa sababu vinaondoa hata ule mshtuko unaomwamsha apumue.

Wanaokesha bila kukoroma

Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliingiza usingizi katika orodha yake ya mambo manane ya kulinda moyo, pamoja na chakula, mazoezi na kutovuta sigara. Anayelala chini ya saa 6 mwaka hadi mwaka anaongeza uwezekano wa kupata presha, na mbaya zaidi ni yule anayelala saa chache huku akihangaika kitandani.

Amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa kwenye mwanga hafifu bila simu, rudi unaposinzia. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa 5 baada ya kunywa, kwa hiyo vikombe vya kahawa chungu barazani baada ya Isha bado viko kazini saa sita usiku. Ihamishie kahawa asubuhi. Mirungi ina madhara mawili kwa pamoja: inapandisha presha na inafukuza usingizi. Kisha mtafunaji hutafuta pombe au kidonge ili alale, na kesho anatafuna tena ili aamke. Kwa mwenye presha hakuna kiasi tunachoweza kukiita salama.

Na ukizinduka saa nane usiku, usikimbilie mashine ya presha. Wasiwasi wenyewe utapandisha namba, na namba itakufukuzia usingizi uliobaki.

Dawa zinazokuamsha

Furosemidi na bendrofluazidi zinakojoza. Zinywe asubuhi, isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Ukizinywa usiku utaamka mara tatu kwenda msalani. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na maji hayo hurudi kwenye damu unapojilaza na kukupa mkojo; kuinua miguu jioni kwa muda wa saa moja kunasaidia. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Usiache dawa mwenyewe, omba ibadilishwe, kwa mfano kwa losatani. Propranololi na atenololi huweza kuleta ndoto mbaya na usingizi mwepesi. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu hupandisha presha, na vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hupandisha presha na kukesheza pia.

Je, dawa za presha zote zihamishwe usiku? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliowahusisha zaidi ya watu 21,000, matokeo yake yakatolewa 2022, haukuona tofauti ya kiharusi, shambulio la moyo au vifo kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Chagua saa usiyoisahau.

Wiki moja ya kupima

Pima asubuhi ndani ya saa moja baada ya kuamka, ukishakojoa na kabla ya dawa na chai, kisha jioni. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkanda kwenye mkono mtupu, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Fanya siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani. Nyumbani, 135 kwa 85 na kuendelea ni presha ya juu. Kando ya kila namba andika saa uliyolala, uliyoamka na mara ulizokwenda msalani. Asubuhi zikiwa juu kuliko jioni kila siku, mwombe daktari kipimo cha kuvaa saa 24. Wastani wa usiku haupaswi kufika 120 kwa 70.

Wawili wasisubiri wiki hiyo iishe: dereva anayesinzia kwenye usukani, na mjamzito aliyeanza kukoroma huku presha ikipanda, kichwa kikiuma au uso ukivimba. Dereva aegeshe gari mpaka achunguzwe. Mjamzito aende hospitali leo, kwa sababu hizo ni dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba.