Saa Uliyozaliwa na Alifu ya Bibi Yako

Jambiani, Jumatatu, baada ya alasiri

Mwanangu,

Assalaamu alaikum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, mara ya tatu mjomba wako akiwa ubavuni kwangu. Unataka kujua ulizaliwa saa ngapi hasa, maana mkufunzi wenu huko Dubai amekuchorea chati ya Human Design, ule mfumo wa kumsoma mtu alivyo kwa saa aliyozaliwa, na amesema saa ikikosewa, chati nzima imekosewa. Chati imekwambia wewe ni Projekta: mtu wa kuongoza kwa kuwaona wenzake vizuri, ila asijipeleke, asubiri kualikwa. Nafasi ya kusimamia mapokezi hapo hotelini imetangazwa, na wewe hujaandika barua. Unasubiri.

Basi saa kwanza. Cheti chako kimeandikwa 8:00. Aliyekijaza aliandika nilivyotamka, "saa nane", nami nilisema saa nane za usiku. Mkufunzi ameisoma kuwa asubuhi, jua limeshapanda, kumbe saa hiyo ulikuwa umeshanyonya na kulala. Aandike 2:00. Na hata hiyo nane ni ya kukisia, kwa sababu saa ya ukutani hatukuwa nayo. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu. Mkunga alipofika maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na ulipolia yalikuwa yanarudi, bado hayajafika kwenye mawe ya chini ya mnazi wa babu yako. Bamvua hapa kwetu hujaa kwenye saa kumi. Hesabu ni hiyo, sina nyingine.

Hapo ningefunga barua. Lakini hilo neno la kusubiri kualikwa limenichoma, na sababu unaijua nusu tu.

Unakijua kikundi chetu cha kwanza cha mwani. Mwani wenyewe ulikuwa mgeni pwani hii, ulianza kupandwa 1989, na wanaume wengi waliuona kazi ya kitoto. Tulikuwa wanawake 22. Ilipofika haja ya kuwa na mtu mmoja wa kusimama mbele ya mnunuzi na kusema kwa niaba ya wote, yalitajwa majina matatu, langu likiwamo. Watu wakaona vizuri majina yapelekwe kwa mwalimu mmoja aliyejua falaki, ayatazame nyota. Alikuwa mzee wa heshima, sina neno baya juu yake. Aliandika jina langu na jina la mama yangu kwa herufi za Kiarabu, akajumlisha thamani za herufi, akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ikabaki nne. Nne ni Saratani, Kaa, nyota ya maji. Akasema, "Huyu ni wa kufuata mkondo." Uongozi akapewa mwenzangu aliyetoka Mshale, nyota ya moto.

Mwanangu, niliamini. Nilirudi nyumbani nikajiambia basi, mimi ni maji. Na miezi mingi nilikaa nyuma nikiona kitu ambacho wengine hawakukiona, au walikiona wakanyamaza: mizani ya mnunuzi ilikuwa inapunja. Kiroba nilichokibeba kichwani nilikijua uzito wake kwa shingo yangu. Mwenzetu wa moto alikuwa na sauti nzuri mkutanini, lakini siku ya kupima alisimama mbali, anaandika. Nami nikasubiri waniulize. Nilisubiri misimu miwili. Hakuna aliyeniuliza, na fedha ya misimu miwili haikurudi. Madaftari yako ya mwaka ule nilikopa, kama huna habari.

Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, nilinunua gunia la mchele la kilo 25, limeshonwa kiwandani, uzi wake haujaguswa. Nikalibeba mpaka kwenye mizani, nikasimama kwenye foleni kama nimeleta mwani. Zamu yangu ilipofika nikaliweka juu. Mizani ikasema 22. Sikusema kitu. Nikarudi nyuma hatua moja ili kila mtu asome. Kile kimya, mwanangu! Mpaka leo nikikikumbuka nafurahi kama mtoto. Wenzangu wakaja mmoja mmoja kuangalia namba, kisha wakaangalia gunia, kisha wakashusha viroba vyao chini, na siku hiyo hakuna aliyeuza. Wiki iliyofuata ikaletwa mizani nyingine.

Cheo sikupewa, lakini tangu siku ile, maji yakianza kurudi, walinitazama mimi. Na mimi siku zote nasema, wewe umenisikia tangu mdogo: kiongozi ni yule anayehesabu watu kabla maji hayajajaa. Tulikuwa mbali na ufuo, migongo imeinama, kila mtu na kamba zake. Wa kwanza kuinua kichwa na kuhesabu vilemba ndiye aliyekuwa akiongoza.

Sasa sikiliza nusu usiyoijua. Bibi yako alipofariki, mjomba wako alifungua msahafu wa marehemu na kukuta jina lake limeandikwa ndani ya jalada kwa mkono wa babu. Salama, kwa alifu. Yule mwalimu aliliandika bila alifu, kama watu walivyolitamka upesi upesi. Mjomba akachukua kalamu. Zuhura: ze 7, he 5, re 200, he 5, jumla 217. Salama: sini 60, lamu 30, alifu 1, mimu 40, he 5, jumla 136. Pamoja ni 353. Toa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki tano. Tano ni Asadi. Simba, moto. Herufi moja yenye thamani ya moja, na mimi nikakaa nyuma misimu miwili.

Nililia siku hiyo, na mjomba wako alidhani namlilia mama.

Lakini nimelifikiria jambo hili miaka mingi na haliniishii. Kama alifu ingekuwepo wangenipa uongozi kwa sababu ya alifu, si kwa sababu ya shingo yangu iliyojua uzito wa kiroba. Na lile gunia alilibeba nani, Simba au Kaa? Simba angenguruma. Mimi nilikuja kwa ubavu, kimya, kama kaa anavyotembea mchangani. Kwa hiyo labda mwalimu aliniona kweli, na hesabu yake mbovu ikamfikisha mahali pazuri. Au labda kila nyota ingenitosha, kama kanga inavyomtosha kila mtu.

Mjomba wako ameniambia habari za huyo mwenye mfumo wenu, Mkanada aliyejiita Ra Uru Hu, aliyesema sauti ilimjia Ibiza mwaka 1987, akaunganisha nyota na chakra za Wahindi, yaani vituo vya nguvu mwilini, na Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, na alama 64 za I Ching, kitabu cha ramli cha Wachina. Anasema chati hutazama pia anga ya siku kama 88 kabla ya kuzaliwa. Siku hizo zako nazikumbuka bila chati. Nilikuwa nafunga mwani na wewe tumboni, tumbo linagusa maji nikiinama.

Babu yako aliendesha chombo usiku kwa nyota, na kilimia kilimwambia majira. Nyota za aina hiyo nazikubali. Mjomba anataka nikwambie uichane hiyo karatasi. Mimi nimeandika sentensi hapa nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta pia. Uliposema chati imekwambia unawaona watu vizuri, nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli, tangu mtoto ulijua nani darasani hajala. Kwa hilo imesema sawa. Kwa kusubiri, uamuzi ni wako, ingawa ulimi unaniwasha.

Umesema barua zinafungwa Alhamisi. Mkufunzi mpe saa sahihi, akuchoree upya ukitaka. Mimi nipigie Jumatano jioni, nitakuwa nimeshatoka pwani.

Mama yako,
Zuhura binti Salama, kwa alifu